Gari la mbio la mtumba: Bei ya kununua ni mwanzo tu wa gharama

IFIKAPO Oktoba, bonasi ya chai inapoingia kwenye akaunti, vituo vya biashara katika kaunti za Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Kericho huchangamka. Wenye maduka ya mabati na saruji huuza, wenye madeni hulipwa, na madalali wa magari huanza kupiga simu.

Miongoni mwa magari yanayotafutwa sana na wakulima na wafanyabiashara vijana ni Subaru Impreza ya turbo, iliyotumika kwa miaka mingi, ambayo muungurumo wake husikika kabla haijatokea kwenye kona.

Chukua mfano wa mkulima kijana anayechuma chai na kuuza mayai. Ana Sh700,000 mkononi: bonasi, mauzo ya kuku na mkopo mdogo wa sacco. Anaonyeshwa Impreza iliyoundwa 2004 kwa Sh650,000. Analipa, anajaza tangi kwa pesa zilizosalia, na anafika nyumbani marafiki wakimpungia mikono.

Baada ya miezi miwili gari limeegeshwa chini ya mparachichi na kuku wameanza kutagia chini yake. Mkanda wa injini ulikatika akiwa safarini kwenda sokoni. Fundi anataka fedha ambazo hazipo, mbolea ya msimu haijanunuliwa, na sacco inadai kila mwisho wa mwezi.

Kosa la mkulima kama huyo si kupenda gari la kasi. Kosa ni kutumia karibu fedha zote kununua, akasahau kwamba gari la aina hii likishazeeka hudai sehemu nyingine ya bei yake katika mwaka wa kwanza. Wafugaji wanalijua hili vyema: kununua ng'ombe wa gredi si kazi, kazi ni kumlisha.

Hata hivyo, gharama hizo si fumbo. Nyingi zinaweza kujulikana kabla ya kulipa hata shilingi moja, na baadhi zinaweza kupunguzwa na mwenye gari mwenyewe akiwa na spana chache na moyo wa subira.

Mapenzi yaliyoanza kwenye Safari Rally

Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yana historia. Mwaka wa 1997, Colin McRae wa Scotland alishinda Safari Rally akiendesha Impreza. Mwaka wa 2000, Richard Burns wa Uingereza alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Kabla yao, Mkenya Patrick Njiru alikuwa ameifanya nembo ya Subaru ijulikane hadi vijijini katika miaka ya 1990.

Mashindano hayo yaliondolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, kisha yakarejea 2021 Naivasha. Mtoto aliyesimama kando ya barabara akipigwa na vumbi miaka hiyo sasa ni mtu mzima mwenye bonasi yake.

Lakini gari la Safari lilikuwa na kikosi cha mafundi kikilisubiri lipumzike, na spea mpya zikiwa tayari. Gari la mkulima lina fundi mmoja wa kituoni, tena mwenye magari mengine sita yanayomngoja.

Kuna jambo jingine. Sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwa sababu hiyo, Impreza za miaka ya 2000 zinazouzwa sasa hazijatoka melini juzi. Zimekuwa kwenye barabara za humu nchini kwa miaka mingi, na aghalabu mnunuzi mpya ni mmiliki wa tatu, wa nne au zaidi.

Hivyo basi, namba za kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi hazifai kuaminiwa peke yake. Ushahidi wa kweli ni risiti za gereji. Muuzaji asiye na risiti hata moja anauza gari ambalo historia yake haijulikani, na bei inafaa kushuka kulingana na hilo.

Mkanda mmoja, injini nzima

Gharama ya kwanza na kubwa zaidi inayowavizia wanunuzi ni mkanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno uliofichwa mbele ya injini. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba valvu zinafunguka na kufunga kwa wakati unaofaa huku pistoni zikienda na kurudi.

Katika injini ya Impreza ya turbo ya lita 2.0, inayojulikana na mafundi kama EJ20, mkanda mmoja huzungusha shafti nne za valvu pamoja na pampu ya maji. Kipimo kinachojulikana ni kuubadilisha kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Mpira pia huzeeka kwa miaka, hata kama gari halikutembea sana.

Mkanda huo ukikatika injini ikiwa inafanya kazi, pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Kuanzia hapo si suala la mkanda tena. Injini hushushwa, hedi hufunguliwa, valvu hununuliwa, gasketi hubadilishwa na siku nyingi za kazi ya fundi hulipwa. Wengine huishia kutafuta injini nyingine kabisa.

Ndiyo maana asiyepewa risiti ya mkanda anapaswa kuhesabu kwamba muda wake umekwisha, hata kama muuzaji ataapa. Kazi hiyo ifanywe katika juma la kwanza, kabla gari halijaanza kwenda sokoni.

Ikifanywa, ifanywe yote kwa pamoja: mkanda, kikaza mkanda, roli zinazouongoza na pampu ya maji. Ukiacha roli kuukuu ikajam baada ya miezi sita, mkanda mpya utakatika nayo, na kazi ya kufungua mbele ya injini utailipia mara ya pili.

Turbo inaishi kwa oili

Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi kwenye silinda. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa na joto kali, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili.

Oili ikipungua, ikizeeka au ikiwa ya daraja hafifu, turbo ndiyo ya kwanza kuumia. Dalili ni moshi wa samawati, mlio kama wa filimbi unaozidi kila siku, na gari kukosa nguvu mlimani.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Oili na filta vibadilishwe kila kilomita 5,000, au kila baada ya miezi sita kwa gari lisilotembea sana. Oili iwe ya daraja lililotajwa kwenye kitabu cha gari, si ile ya bei nafuu iliyomiminwa kwenye mtungi usio na jina.

Vilevile, baada ya kupanda mlima au kwenda kasi, dereva aache injini ingurume polepole kwa dakika moja hivi kabla ya kuzima, ili turbo ipoe oili ikiendelea kupita.

Injini ya Subaru ina jambo lake jingine. Silinda zake hazikusimama, bali zimelala kushoto na kulia. Kwa hivyo gasketi za vifuniko vya valvu zikichoka, oili hudondokea bomba la moshi na kutoa harufu ya kuungua. Harufu hiyo ni dalili ya kurekebishwa mapema, si ya kuzoewa.

Aidha, mnunuzi achunguze kama injini inachemka. Mapovu yasiyoisha kwenye chupa ya maji ya rejeta, moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata joto, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni dalili za gasketi ya hedi kuvuja. Injini za Subaru za lita 2.5 zisizo na turbo, za mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, zilijulikana sana kwa tatizo hilo.

Matairi manne ni familia moja

Wengi waliozoea magari ya kawaida hununua tairi moja moja kadiri linavyoisha. Kwa Impreza, hesabu hiyo hugharimu.

Gari hili husukumwa na magurudumu yote manne. Tairi moja likiwa jipya na mengine yameisha, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti hata barabara ikiwa imenyooka. Mtambo wa katikati unaogawa nguvu hulazimika kufanya kazi bila kupumzika, hupata joto na hatimaye huharibika. Kampuni ya Subaru hutaka tofauti ya mzunguko kati ya matairi isizidi milimita 6 hivi.

Kwa hivyo bajeti ya matairi ni ya manne, yenye saizi na nembo moja. Kuyahamisha mbele na nyuma kila yanapofikisha kilomita 10,000 husaidia yaishe kwa pamoja.

Matairi yaliyotumika kutoka ng'ambo nayo yana mtego. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2315 lilitengenezwa juma la 23 la 2015. Linaweza kuwa na meno marefu ilhali mpira umekauka na kuanza kupasuka.

Hesabu ya petroli

Gari likishapona, bado linakula. Impreza ya turbo iliundwa kutumia petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani. Injini ikipewa petroli ya chini ya kipimo chake na dereva akaikanyaga, mafuta huwaka kabla ya wakati na kugonga pistoni. Baadhi ya vituo vya humu nchini huuza petroli ya daraja la juu, lakini kwa bei ya ziada.

Chukulia gari linatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Likienda kilomita 8 kwa lita, litakunywa lita 125. Gari dogo linaloenda kilomita 14 kwa lita litakunywa lita 71 hivi. Tofauti ni lita 54 kila mwezi, au takriban lita 650 kwa mwaka.

Zidisha idadi hiyo kwa bei inayotangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, kisha linganisha na bei ya gunia la mbolea. Hapo ndipo mkulima atajua kama gari hilo linabebwa na biashara, au biashara ndiyo inabebeshwa gari.

Njia ya kujua kiasi halisi ni kujaza tangi hadi juu, kuandika kilomita, kutembea kwa siku kadhaa, kisha kujaza tena. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizoongeza. Matumizi yakipanda ghafla, kuna kitu kinachohitaji kuangaliwa.

Tembelea duka la spea kabla ya kulipa

Hatua ambayo wanunuzi wengi huiruka ndiyo nafuu kuliko zote. Kabla ya kulipia gari, andika orodha ya vitu kumi: seti ya mkanda wa taimingi, pampu ya maji, turbo, klachi, breki pedi za mbele, diski za breki, shokomzoba nne, beringi ya gurudumu, rejeta na matairi manne.

Kisha ingia katika maduka matatu ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au ya mji ulio karibu nawe, na uulize bei ya kila kimoja. Uliza pia gharama ya kazi kwa mafundi wawili. Orodha hiyo itakueleza ukweli ambao dalali hatausema.

Spea zenyewe huuzwa kwa daraja tatu. Kuna za kampuni iliyounda gari, kuna mpya za kampuni nyingine, na kuna zilizong'olewa kwenye magari ya Japani, maarufu kama ex-Japan.

Mlango, taa, kioo, bampa, hata altaneta iliyopimwa, vinaweza kununuliwa vikiwa ex-Japan na kuokoa pesa. Lakini mkanda, roli, breki pedi, mipira ya breki na pampu ya maji haifai kununuliwa ikiwa imetumika. Umri wake haujulikani, na ikishindwa huharibu vingine au kuua mtu.

Siku ya kukagua gari, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini baridi haifichi siri. Sikiliza kama inagonga, tazama rangi ya moshi, gusa mabomba ya oili. Namba ya chesi na ya injini zilingane na hati za umiliki, kwani Subaru nyingi zimewahi kubadilishwa injini.

Isitoshe, tafuta taarifa za gari katika mfumo wa NTSA kupitia eCitizen ili ujue mmiliki halali na kama kuna benki au sacco inayolidai. Uliza pia kuhusu bima mapema. Bima ya kulinda watu wengine ni lazima kisheria, lakini kampuni nyingi huweka kikomo cha umri kwa gari linalotafutiwa bima kamili.

Kazi ambazo mwenye gari anaweza kufanya

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matunzo haihitaji gereji. Vifaa vya kuanzia ni jeki imara, stendi mbili za chuma, soketi na spana za milimita 10, 12, 14, 17 na 19, kipimo cha upepo wa matairi, glavu na beseni la kukinga oili.

Kwanza ni usalama. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Egesha mahali tambarare na pagumu, weka kigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, kisha weka stendi. Mawe na matofali hupasuka bila kutoa onyo.

Ukaguzi wa kila juma huchukua dakika kumi. Pima oili asubuhi injini ikiwa baridi, gari likiwa tambarare. Tazama kiwango cha maji ya rejeta na cha mafuta ya breki. Pima upepo wa matairi. Washa taa zote na uzunguke gari. Tazama chini palipolala gari kama kuna matone.

Kubadilisha oili ni kazi ya saa moja. Pasha injini joto kidogo, zima, fungua nati ya chini kwa spana ya 17 na uache oili imwagike yote. Weka washa mpya kwenye nati. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta, ifunge kwa mkono bila kuitesa, kisha jaza lita 4 au zaidi kidogo kama kitabu kinavyoelekeza, ukipima kwa kijiti.

Oili chafu isimwagwe shambani wala mtoni. Wengi huipaka kwenye nguzo za ua kuzuia mchwa, lakini ina sumu inayoingia kwenye udongo na maji ya kisima. Irudishe gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya.

Filta ya hewa hufunguliwa kwa klipu chache. Kwa wanaopita barabara za murram, iangaliwe kila mwezi na ibadilishwe mapema kuliko inavyopendekezwa kwa barabara za lami. Ikiziba, injini hunyimwa hewa na petroli hupotea.

Ncha za betri zikiota ukungu mweupe au wa kijani, fungua upande wa hasi kwanza, safisha kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji moto, kausha, kisha rudisha ukimalizia na hasi.

Breki pedi zinaweza kukaguliwa gurudumu likiwa limetolewa. Zikibaki milimita 3, ni wakati wa kununua nyingine. Zikiisha kabisa, chuma hukwaruza diski, na pedi za bei ndogo hugeuka kuwa diski za bei kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maji ya rejeta nayo yasiwe ya mtoni. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mtungi. Maji ya mtoni huleta kutu na uchafu unaoziba rejeta. Kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa moto.

Kazi za kuachia fundi

Mwenye gari anapaswa pia kujua mpaka wake. Mkanda wa taimingi, turbo, usukani, mfumo wa maji ya breki na kufungua hedi ni kazi za fundi aliyewahi kuzifanya kwenye Subaru.

Hata plagi, ambazo katika magari mengi ni kazi ya dakika chache, katika injini hii ziko ubavuni, karibu kabisa na fremu. Asiyezoea anaweza kuharibu nyuzi za hedi na kujitwika gharama kubwa kuliko aliyokuwa akiikwepa.

Ukimpelekea fundi kazi, patana bei ya kazi kabla haijaanza. Nunua spea mwenyewe ukiwa na namba ya chesi mkononi, kwa kuwa spea ya modeli moja huenda isikae kwenye nyingine. Omba urudishiwe kilichotolewa. Chukua risiti yenye tarehe na kilomita. Siku ya kuuza, risiti hizo zitakuwa na thamani.

Jihadhari pia na mafundi wanaoahidi kuongeza kasi. Kupandisha nguvu ya turbo, kukata springi ili gari lilale chini na kuondoa sehemu za bomba la moshi humfurahisha kijana kwa juma moja. Kwenye barabara ya vijijini, gari lililokatwa springi hugonga kila tuta, na treya la mayai halifiki sokoni likiwa zima.

Daftari na akiba

Mfugaji makini huandika maziwa ya kila siku. Mwenye gari afanye vivyo hivyo: tarehe, kilomita, kilichonunuliwa, bei na jina la fundi. Baada ya mwaka mmoja, daftari la kurasa chache litaonyesha gari linagharimu kiasi gani kwa kila kilomita.

Pili, gari liwe na akiba yake. Mathalani, akitenga Sh5 kwa kila kilomita, mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi atakuwa na Sh60,000 mwisho wa mwaka, mbali na petroli na bima. Kiwango hicho kinaweza kurekebishwa kulingana na bei za ile orodha ya vitu kumi. Muhimu ni fedha hizo zikae kando na za mbegu, mbolea na karo.

Kwa mfanyabiashara anayetaka gari la kubebea mzigo tu, hesabu huelekea kwingine. Toyota Probox ya lita 1.5 haina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila mara kwa kuwa hutumia cheni, haina turbo, ina nafasi kubwa nyuma, na spea zake hupatikana karibu kila mji. Haitageuza shingo za watu kituoni, lakini itafika sokoni.

Anayetaka gari la mbio kwa sababu analipenda naye hana kosa, mradi alihesabu kama starehe na si kama mtaji.

Turudi kwa mkulima mwenye Sh700,000. Njia iliyo salama ilikuwa kutafuta gari la Sh520,000 hivi na kubaki na Sh180,000. Kutokana na hizo angebadilisha mkanda na pampu ya maji juma la kwanza, angemwaga oili kuukuu, angekagua breki na matairi, na kilichosalia kingengoja kasoro ambayo haijajitokeza.

Na kama hakuna gari zuri la bei hiyo, chai itachumwa mwaka ujao pia, na Oktoba nyingine itafika. Ni afadhali kungoja bonasi ya pili ukitembea kwa matatu kuliko kulipa mkopo wa gari linalolaliwa na kuku.